Neva ya Kifua Inayoishi Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kuijua, Kuipima na Kuilinda Neva ya Interkostobrakiali

"Mwanangu, mkono huu si wangu."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja aliyekuwa na siku nne tangu atolewe titi la kushoto pamoja na matezi ya kwapani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imefungwa juu ya bandeji, na kwa vidole vya mkono wa kulia alikuwa akipapasa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kati ya kwapa na kiwiko, kama mtu anayepima kitambaa dukani kabla ya kununua. Vidole vilihisi ngozi, lakini ngozi haikuhisi vidole. Usiku kucha hakulala. Alikuwa na hakika kwamba amepata kiharusi akiwa kwenye usingizi wa upasuaji na kwamba sisi tunamficha.

Nilimwomba akunje ngumi, atanue vidole, anyooshe kiwiko, anisukume. Nguvu zilikuwepo zote. Nikachukua pamba, nikaanza kuugusa mkono taratibu kutoka kiganjani kwenda juu. Nasikia, nasikia, nasikia, akawa anasema, halafu akanyamaza. Pale aliponyamaza palikuwa na umbo. Palianzia kwapani, pakateremka kwa ndani na kwa nyuma kidogo, pakaishia vidole vinne juu ya kiwiko. Kiharusi hakichori umbo la namna hiyo. Hilo ni eneo la neva moja, na neva hiyo ina jina. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemtajia habari zake kabla hajaingia kupasuliwa.

Jina lake kamili ni neva ya interkostobrakiali. Limetokana na maneno ya Kilatini: kati, ubavu, mkono wa juu. Yaani ni neva inayotoka katikati ya mbavu ikaenda mkononi, na ndani ya jina hilo mna karibu kila kitu unachohitaji kukumbuka. Neva nyingine zote za hisia za mkono chini ya bega kwa kawaida zinatokana na mtandao wa brakia, ule msuko wa neva unaotoka shingoni na kupita nyuma ya mtulinga. Hii haitoki huko. Ni mtoto wa kifua aliyehamia mkononi.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wenzangu wa chumba cha upasuaji, na mgonjwa yeyote anayetaka kujua kwa nini kipande kile cha mkono kimekufa ganzi. Kwa mazoezi utahitaji pamba, kijiti cha meno, kalamu ya wino, kioo cha mkononi, na mtu mmoja wa kukubali kupimwa.

Hatua ya kwanza: wajue majirani zake

Ngozi ya mkono wa juu, yaani kati ya bega na kiwiko, imegawanywa kama mashamba ya ndugu: mipaka ipo, lakini haikuchorwa kwa rula, na kila mmoja ameingia kidogo kwa mwenzake.

Juu kabisa ya bega, pale mzigo unapokaa, ni neva za supraklavikula kutoka shingoni, pingili ya tatu na ya nne. Upande wa nje wa bega, pale tunapochomwa chanjo, ni tawi la neva ya aksilari. Chini yake, upande huo huo wa nje hadi karibu na kiwiko, ni tawi la neva ya radiali. Nyuma ya mkono ni tawi jingine la radiali. Upande wa ndani kuelekea chini ni neva ya ngozi ya ndani ya mkono, inayotoka mtandao wa brakia ikiwa na nyuzi za neva ya shingo ya nane na ya kifua ya kwanza. Na upande wa ndani kwa juu, pamoja na ngozi ya kwapa na sehemu ya nyuma inayopakana nalo, ndipo penye neva yetu.

Hapo kuna mtego unaowanasa wanafunzi kila mwaka. Jina "aksilari" maana yake ni "ya kwapa", kwa hiyo mwanafunzi huandika kwenye mtihani kwamba neva ya aksilari ndiyo inayohudumia ngozi ya kwapa. Sivyo. Neva ya aksilari hupita kwapani na kwenda zake kuhudumia bega. Anayehisi wembe unapopita kwapani anahisi kwa neva ya interkostobrakiali, ikisaidiwa na tawi la neva ya ubavu wa tatu.

Jirani wa kumwangalia zaidi ni neva ya ngozi ya ndani ya mkono. Hawa wawili huungana mara nyingi, na hugawana kazi kwa kupokezana: kwa mtu ambaye neva ya interkostobrakiali ni nene, ile nyingine huwa nyembamba, na kinyume chake. Ndiyo maana watu wawili waliokatwa neva ileile, na daktari yuleyule, wanaweza kutoka mmoja na ganzi ya ukubwa wa kiganja kizima na mwingine na ganzi ya ukubwa wa sarafu.

Hatua ya pili: ifuate kutoka mgongoni hadi kwenye ngozi

Soma sehemu hii ukiwa umesimama, mkono mmoja umeunyanyua, na kwa mkono mwingine ujiguse kila panapotajwa. Anatomia iliyosomwa kwa macho peke yake haikai kichwani.

Anzia katikati ya uti wa mgongo, juu, kati ya vile vibapa viwili vya bega. Neva ya kifua ya pili hutoka kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, na kupenya nje kati ya pingili ya pili na ya tatu ya kifua. Kabla tu ya kutoka ina kifundo kidogo, na ndani ya kifundo hicho mna miili ya seli zote za hisia za neva hiyo. Kiweke akilini, tutakirudia tutakapofika kwenye mkanda wa jeshi.

Ikishatoka, hugawanyika. Tawi la nyuma hubaki mgongoni. Tawi la mbele huzunguka kifua likifuata ubavu wa pili, limejibanza kwenye mfereji ulio chini ya ubavu huo pamoja na vena na ateri. Ukihesabu kutoka juu ni vena, kisha ateri, kisha neva. Hadi hapo ni neva ya kawaida kama nyingine zote za katikati ya mbavu.

Inapofika ubavuni, usawa wa katikati ya kwapa, hutoa tawi la pembeni la ngozi. Matawi ya pembeni ya mbavu za chini yakishatokeza hugawanyika mawili, moja mbele na moja nyuma, yakahudumia ngozi ya kiwiliwili. Hili la ubavu wa pili ni tofauti. Kwa kawaida halijigawi. Hutoboa misuli iliyo kati ya ubavu wa pili na wa tatu, likapenya katikati ya vidole vya msuli wa seratasi, ule unaofanana na meno ya msumeno ubavuni mwa mtu mwembamba, kisha likaacha ukuta wa kifua kabisa na kuvuka kwapa. Kuanzia hapo ndipo tunaliita interkostobrakiali.

Kuvuka huko ndiko kunakoiponza. Kwapa si tundu tupu. Ni chumba chenye umbo la piramidi kilichojaa mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna tezi za limfu, vena na ateri kubwa ya mkono, na neva. Neva yetu hukatiza chumba hicho kutoka ukuta wa ndani hadi mkononi, chini kidogo ya vena ya aksilari, katikati kabisa ya mafuta yenye tezi. Haina mfupa wa kujificha nyuma yake wala msuli wa kuifunika.

Ikifika mkononi hutoboa utando mgumu unaofunika misuli, hukutana na neva ya ngozi ya ndani ya mkono, hutuma nyuzi nyuma hadi kwenye eneo la neva ya radiali, na kumalizikia kwenye ngozi. Kwa wengi eneo lake ni nusu ya juu ya upande wa ndani na wa nyuma. Kwa wachache huteremka hadi karibu na kiwiko. Kuna watu ambao neva ya ubavu wa tatu nayo hutuma tawi la kuvuka kwapa, kwa hiyo ukifungua na kukuta nyuzi mbili badala ya moja usishangae.

Kazi yake ni hisia tu: mguso, maumivu, joto na baridi ya ngozi, pamoja na nyuzi chache zinazoamuru jasho na mishipa midogo ya damu. Haiamrishi msuli wowote. Ukimkuta mgonjwa ana ganzi pale pamoja na udhaifu wa mkono, neva hii peke yake haitoshi kueleza tatizo.

Kwa nini kifua kihudumie mkono?

Mtoto akiwa bado tumboni, mkono huanza kama kichipukizi ubavuni mwa shingo na kifua. Kinapochipuka na kurefuka huvuta ngozi pamoja na neva zake, kuanzia ya shingo ya tano hadi ya kifua ya kwanza. Neva zilizokuwa ukingoni mwa chipukizi hubaki zimeshika mshono, mahali mkono ulipoungana na kiwiliwili. Neva ya kifua ya pili ndiyo iliyoshika mshono wa chini.

Ushahidi uko kwenye kifua chako mwenyewe. Chukua kijiti cha meno ukiguse taratibu chini ya mtulinga. Ngozi iliyo juu ya mstari huo ni ya neva ya shingo ya nne, na iliyo chini tu ya hapo ni ya kifua ya pili. Ya tano, ya sita, ya saba, ya nane na ya kifua ya kwanza hazipo hapo kifuani, zote zimekwenda mkononi. Kila ninapowaonyesha wanafunzi mstari huo mimi mwenyewe husimama kidogo. Ni kama kuona mahali mti ulipopandikizwa.

Hatua ya tatu: itafute kwenye mwili

Weka kidole kwenye kishimo cha koo. Teremka juu ya mfupa wa kidari kiasi cha sentimita tano hadi ukute tuta dogo linalokatiza mfupa. Ubavu ulioshikamana na tuta hilo ni wa pili, na nafasi laini iliyo chini yake ni ya kati ya ubavu wa pili na wa tatu. Ukijaribu kufuata ubavu huo kwenda pembeni utakupotea chini ya msuli mkubwa wa kifua, hiyo ni kawaida.

Sasa mwombe mwenzako anyanyue mkono. Kwa mbele ya kwapa kuna ukuta wa nyama, huo ni msuli mkubwa wa kifua. Kwa nyuma kuna ukuta mwingine, wa misuli ya latisimasi na terezi kubwa. Ingiza ncha za vidole viwili katikati ya kuta hizo, juu kabisa, kisha bonyeza kwa ndani dhidi ya mbavu. Karibu na hapo, kwenye mstari wa katikati, ndipo neva inapotokeza. Hutaipapasa yenyewe, ni nyembamba mno, lakini kwa baadhi ya watu ukibonyeza hapo watakuambia wamesikia kitu mkononi.

Kwa kalamu, chora mstari kutoka hapo ukivuka kwapa hadi upande wa ndani wa mkono, kati ya msuli wa mbele na wa nyuma, ukiishia katikati ya bega na kiwiko. Hiyo ndiyo njia yake. Iache ikae mchana mzima. Mwanafunzi aliyeshinda na mstari huo mkononi hausahau.

Hatua ya nne: chora ramani ya ganzi

Hapa ndipo nataka uende polepole, kwa sababu ramani iliyochorwa vizuri hujibu maswali ambayo mashine za bei kubwa hazijibu.

Mlaze au mkalishe mgonjwa, mkono umelegea na kugeuzwa kiganja juu. Kwanza mwonyeshe pamba kwenye mkono mzima ulio salama ajue anatarajiwa kusikia nini. Kisha mwambie afumbe macho. Gusa kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, usiburute, maana kuburuta huvuta ngozi ya jirani na jirani atajibu. Anzia katikati ya eneo lisilosikia, utoke nje kwa hatua za sentimita moja, naye aseme "hapa" mara tu anaposikia. Weka nukta ya wino. Rudi katikati, toka kwa upande mwingine. Ukishazunguka pande nane, unganisha nukta.

Rudia kwa kijiti cha meno. Usishangae ukikuta eneo lisilosikia mchomo ni dogo kuliko lisilosikia pamba. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa neva za ngozi, kwa kuwa nyuzi za maumivu za majirani hupishana zaidi kuliko za mguso mwepesi. Mwisho tumia chupa mbili ndogo, moja ya maji ya baridi na moja ya vuguvugu, kwa sababu mgonjwa asiyejua joto ndiye atakayeungua.

Uliza pia juu ya hisia zilizozidi, si zilizopungua tu. Je, kanga ikipita pale inachoma? Je, mkono wa nguo ukimgusa anaruka? Ngozi iliyokufa ganzi na inayouma kwa wakati mmoja ni jambo la kweli kabisa, na mgonjwa anayesema hivyo asifanywe mwongo.

Piga picha ya ramani kwa ruhusa yake, au ipime kwa tepu kutoka kwenye kiwiko, uandike tarehe.

Hatua ya tano: jiulize ni nani mwingine angeweza kuleta hali hiyo

Kama mgonjwa hajawahi kupasuliwa kwapani, usiharakishe kuilaumu neva.

Moyo unakuja kwanza kwa sababu unaua. Nyuzi za maumivu za moyo huingia kwenye ugwe mgongo katika pingili za juu za kifua, na ya pili ikiwemo. Ubongo hupokea taarifa ya moyo na ya ngozi ya ndani ya mkono kwenye mlango mmoja, ukashindwa kutofautisha. Ndiyo sababu mtu mwenye moyo unaokosa damu husikia uzito au maumivu ndani ya mkono wa kushoto. Mtu akikuambia upande ule unauma huku kifua kinabana, jasho linamtoka na pumzi haitoshi, acha pamba na kijiti, mpeleke hospitali sasa hivi.

Mkanda wa jeshi ni wa pili, na mtaani mara nyingi hufikiriwa ni sumu ya mdudu au ubaya wa mtu. Virusi vya tetekuwanga hujificha kwa miaka ndani ya vile vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo. Vikiamka kwenye kifundo cha kifua cha pili, malengelenge hutoka mgongoni, yakazunguka chini ya kwapa, yakafika kifuani na ndani ya mkono wa juu, upande mmoja tu. Mwaka 1900 madaktari Henry Head na Campbell huko Uingereza walitumia ugonjwa huu kuchora ramani ya mikanda ya ngozi ya mwili wa binadamu: waliona malengelenge kwa wagonjwa, kisha wakakuta uharibifu kwenye kifundo cha neva husika baada ya mgonjwa kufariki. Siku mbili tatu kabla ya malengelenge mgonjwa husikia kuungua tu, na ngozi ikiwa safi. Dawa ya virusi, asiklovira, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Kwa kijana wa kwetu mwenye mkanda wa jeshi, mshauri kwa upole apime VVU.

Ukoma bado upo. Doa la ukoma lisilosikia kwa kawaida huonekana kwa macho: rangi imefifia au imekuwa nyekundu, na vinyweleo vimepungua. Neva iliyokatwa haibadilishi rangi namna hiyo.

Halafu kuna uvimbe wa kilele cha pafu. Huu huminya neva za chini za mtandao wa brakia, na maumivu yake hushuka ndani ya mkono hadi kidole kidogo, misuli midogo ya kiganja ikaanza kukonda, na wakati mwingine kope la upande huo likalegea na mboni ya jicho ikawa ndogo. Mvutaji sigara wa miaka mingi mwenye dalili hizo anahitaji picha ya kifua, si dawa ya kuchua.

Hatua ya sita: kwa anayechoma sindano ya ganzi

Mtaalamu wa usingizi ameziba mtandao wa brakia kwa ustadi, mgonjwa hawezi hata kunyanyua kidole. Daktari wa upasuaji anapasua upande wa ndani wa mkono, labda anatengeneza fistula, yaani muungano wa ateri na vena, ya kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo, na mgonjwa anapiga kelele. Hakuna aliyekosea kuchoma. Sindano iliziba barabara za shingo, na neva hii haikupita huko.

Tiba yake ni rahisi. Mgonjwa amelala chali, mkono umetanuliwa pembe mraba na kugeuzwa nje. Karibu na kwapa, chora mstari kwa kalamu ya ngozi kutoka msuli wa mbele hadi wa nyuma, ukivuka upande wa ndani. Safisha. Ingiza sindano chini tu ya ngozi, vuta bomba kuhakikisha hakuna damu, kisha mimina dawa taratibu huku ukisogea hadi ngozi ivimbe mfululizo kama kamba. Mililita tano hadi kumi za lidokeini ya asilimia moja hutosha, na neva ya ngozi ya ndani ya mkono nayo huzibwa hapo hapo. Usizame. Ateri ya brakia na neva kubwa ziko chini ya utando mgumu, nawe huna kazi huko.

Jambo la kuhesabu kabla ya kuvuta dawa: kipimo cha tahadhari cha lidokeini bila adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mgonjwa wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 180, sawa na mililita 18 za asilimia moja. Kama sindano ya shingoni au kwapani ilishakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, punguza nguvu ya dawa. Usiiongeze juu ya iliyokwisha kuingia ukidhani "ni ya ngozi tu".

Kuhusu toniketi, ule mkanda wa hewa unaobana mkono wakati wa upasuaji, wengi wamefundishwa kwamba kuziba neva hii huondoa maumivu yake yote. Huondoa ule mbano wa ngozini. Maumivu mazito yanayokuja mkanda ukikaa muda mrefu hutoka kwenye misuli inayokosa damu, na hayo hayamo mamlakani mwa neva hii. Afadhali mgonjwa aambiwe hivyo.

Hatua ya saba: kwa anayefungua kwapa

Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa na matezi ya kwapani yameshakaza. Kwa hao, kusafisha kwapa hakuepukiki. Pale inapowezekana kutoa tezi mlinzi peke yake, yaani ile ya kwanza kupokea limfu ya titi, neva hupata nafasi kubwa zaidi ya kupona, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuhimiza akina mama waje mapema.

Ukiingia, itafute kabla haijakutafuta. Ukishaiona vena ya aksilari, shuka kidogo kwenye mafuta ukielekea ukuta wa kifua, utaona uzi mweupe unaong'aa unaokatiza kutoka nafasi ya pili ya mbavu kwenda mkononi. Ufunue kwa kuachanisha mafuta sambamba nao, uuzungushie kitanzi laini, usiuvute. Kuvuta nako huua neva, polepole tu. Usiuchanganye na neva ndefu ya kifua, inayoteremka wima juu ya msuli wa seratasi, wala na ya latisimasi iliyo nyuma zaidi. Hizo mbili ni za misuli, na ukiikata ile ndefu bapa la bega litachomoza nyuma kama bawa. Kwa hizo hakuna mjadala. Kwa interkostobrakiali, tezi zenye saratani zikiwa zimeikumbatia, saratani ndiyo inayotangulia: kata kwa kisu chenye makali, na uandike kwenye ripoti kwamba umekata. Mistari miwili ya ripoti humwokoa atakayemhudumia mama huyo mwaka unaofuata.

Hatua ya nane: kuishi na mkono huo

Mwambie mgonjwa ukweli kuhusu muda. Neva iliyovutwa tu huamka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Iliyokatwa huota kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku, na hiyo ni kama ncha zimekutana. Zisipokutana, majirani hujipenyeza pembeni na eneo la ganzi hupungua, lakini katikati paweza kubaki hivyo daima. Mwaka 1903 Henry Head huyohuyo alikubali neva za hisia za mkono wake wa kushoto zikatwe karibu na kiwiko na kuunganishwa, kisha yeye na daktari mwenzake W. H. R. Rivers wakaupima mkono huo kwa miaka minne. Hisia mbichi ya maumivu, isiyojua imeguswa wapi hasa, ndiyo iliyotangulia kurudi, na mguso mwembamba ulichelewa sana. Kwa hiyo mgonjwa akikuambia mkono "umeanza kuchomachoma", mara nyingi hiyo ni neva inayorudi nyumbani.

Nyumbani, ganzi ni hatari kwa mambo madogo. Kwapa lisilosikia halijui wembe, basi nywele zipunguzwe kwa mkasi mbele ya kioo. Chupa ya maji ya moto isiwekwe hapo. Mtoto mchanga anapobebwa upande huo na sufuria iko jikoni, mama abadilishe upande. Ngozi ikaguliwe jioni kama imechubuliwa na mshono wa sidiria au blauzi.

Kwa ngozi inayoruka ikiguswa, tunaifundisha upya. Anza na pamba dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Ikizoea, tumia kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi, baadaye kanga mpya yenye wanga, mwisho taulo. Maumivu ya kuungua yakizidi miezi mitatu, arudi kliniki, maana dawa kama amitriptilini au gabapentini hutuliza neva ambazo panadoli hazifikii. Mkono ukivimba, ukawa mzito, pete zikabana, hilo ni tatizo la limfu na lina matibabu yake. Asingoje.

Kabla ya upasuaji haya yote yanaingia kwenye maneno machache. Mimi sasa humgusa mgonjwa pale ndani ya mkono na kumwambia: "Mama, hapa panaweza kufa ganzi ukiamka. Nguvu za mkono hazitapotea. Ikitokea utajua ni kitu gani, na tutapapima pamoja."

Yule mama wa kanga alirudi baada ya miezi mitatu. Nilipotoa pamba aliniomba kalamu, akafumba macho, akaniambia nianze. Kila aliposikia alifumbua, akaweka nukta yeye mwenyewe. Mpaka wa chini ulikuwa umepanda kwa upana wa vidole vitatu.